Tumbo Lisiporudi Baada ya Uzazi: Mkaja Pekee Hautoshi



Katika arusi nyingi za huku kwetu Pwani, posa inapofika nyumbani kwa wazazi wa binti, haitajwi mahari peke yake. Mama wa binti naye ana haki yake, nayo huitwa mkaja. Vijana wengi wa siku hizi hutoa fedha ya mkaja bila kujua maana yake. Mkaja ni kile kitambaa ambacho mama alijifunga tumboni baada ya kumzaa huyo binti. Anayeoa leo anamshukuru mama mkwe kwa tumbo lililombeba mke wake, likatanuka, likauma, kisha likafungwa kitambaa ili lipate kurudi.

Wazee wetu, basi, walijua vizuri kwamba mimba huliacha tumbo limelegea na kwamba tumbo hilo linahitaji kutunzwa. Hata hivyo wapo akina mama waliofunga mkaja, wakazimaliza siku arobaini, na tumbo halikurudi. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza na akina mama hao, pamoja na waume zao, mama zao na mama wakwe zao.

MFANO WA MAMA MMOJA

Mfikirie mama mmoja wa kijiji cha Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Ana watoto watatu, na wa mwisho ana miezi minane. Maji yakitoka wakati wa bamvua huteremka pwani na wenzake kwenye mashamba ya mwani, na hurudi na mfuko wa mwani mbichi kichwani. Jioni huchota maji, ndoo baada ya ndoo.

Kisimani wenzake humtania: "Shoga, ya nne hiyo?" Yeye hucheka nao, lakini si mjamzito. Nyumbani mama mkwe humwambia: "Mwanangu, mkaja hukuukaza. Sisi tulikuwa tunakazwa mpaka pumzi inapita kwa shida." Mume hasemi kitu, na kimya chake kinamwumiza zaidi. Usiku anapoinuka kutoka kitandani kumnyonyesha mtoto, huona katikati ya tumbo lake panatokeza tuta refu, kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, kama mtumbwi uliopinduliwa mchangani. Akilala tena, tuta linapotea. Anaogopa kuwa kuna kitu ndani, na anaona haya kumwambia mtu. Anazidi kukaza kanga kiunoni. Siku hizi akikohoa, mkojo humtoka kidogo. Ameanza kukosa mikutano ya jumuiya ndogondogo, akisingizia kazi.

Mama huyu ni wa mfano tu; hatumsemi mtu fulani. Lakini wasomaji wengi watakuwa wamemtambua, kwa sababu wako akina mama kama yeye Kaole, Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju na hata katikati ya Dar es Salaam. Hana uvimbe, hakurogwa, wala hakuwa mvivu wa kufunga mkaja. Misuli ya tumbo lake imeachana.

NI NINI KINACHOTOKEA?

Mbele ya tumbo la kila mtu, mwanamume na mwanamke, kuna misuli miwili mirefu iliyosimama sambamba, mmoja kulia na mmoja kushoto. Inaanzia kwenye mbavu na kuishia kwenye mfupa wa kinena. Katikati yake kuna ukanda wa nyuzi ngumu unaoiunganisha. Madaktari huuita mstari mweupe, nao hupita kitovuni. Fikiria mbao mbili za mlango zilizounganishwa na kipande cha turubai katikati.

Mwanamke anapopata mimba, mambo mawili hutokea pamoja. Kwanza, vichocheo vya mwili vinavyoongezeka wakati wa ujauzito hulainisha nyuzi za mwili, ili nyonga na tumbo vipate kutanuka. Pili, mji wa mimba unakua na kusukuma ukuta wa tumbo kwa mbele. Ule ukanda wa katikati hunyooka, ukawa mpana na mwembamba, na misuli miwili ikasogea mbali, mmoja huku na mwingine kule. Kwa kawaida hakuna kinachochanika. Ni kutanuka tu, kama mpira wa kaptura uliovaliwa muda mrefu. Hali hii kwa lugha ya kitabibu huitwa diastasisi ya misuli ya tumbo.

Kwa hiyo kuachana kwa misuli wakati wa mimba si ugonjwa. Ni njia ya mwili ya kumpatia mtoto nafasi. Wataalamu wa Ureno waliowapima akina mama wa mimba ya kwanza, na kutoa matokeo yao mwaka 2015, waliikuta hali hii kwa kila mama aliyefika wiki ya 35 ya ujauzito. Suala ni je, baada ya kujifungua misuli hurudi?

Kwa wengi hurudi, ila polepole. Nchini Norway akina mama 300 waliokuwa na mimba ya kwanza walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wiki sita baada ya kujifungua, takriban 60 kati ya kila 100 walikuwa bado na nafasi katikati ya tumbo. Miezi sita baadaye walibaki 45, na mtoto alipotimiza mwaka mmoja walibaki 33. Hao ni akina mama wa mtoto wa kwanza. Hapa Tanzania, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, mwanamke huzaa kwa wastani watoto 4.8. Tumbo lililotanuka mara nne au tano, wakati mwingine bila kupumzika vya kutosha katikati, lina kazi kubwa zaidi ya kurudi. Vivyo hivyo kwa mama aliyebeba mapacha.

Inafaa ikumbukwe kwamba siku arobaini ni mwanzo tu. Mama ambaye tumbo lake halijarudi baada ya arobaini hajachelewa. Mwili wake bado uko kazini.

JIPIME MWENYEWE

Subiri mpaka wiki sita zipite tangu kujifungua. Kama ulijifungua kwa upasuaji, mwulize kwanza mwuguzi au daktari kama kidonda kimepona vizuri. Kisha fanya hivi:

1. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini.

2. Weka ncha za vidole vya mkono mmoja katikati ya tumbo, juu kidogo ya kitovu, vikiwa vimelala kukingama tumbo.

3. Toa pumzi huku ukiinua kichwa na mabega kidogo tu, kama anayetaka kutazama vidole vya miguu.

4. Utasikia kingo za misuli miwili zikikaza kila upande wa vidole vyako. Hesabu ni vidole vingapi vinaingia katikati. Rudia kwenye kitovu penyewe na chini yake.

Vidole viwili au zaidi ni dalili kuwa misuli bado imeachana. Angalia pia kina: je, pale katikati panakaza, au vidole vinazama kama kwenye unga uliokandwa? Ukanda ulio mpana kidogo lakini wenye kukaza unafanya kazi vizuri kuliko ukanda mwembamba uliolegea. Kwa hiyo usihangaike na hesabu ya vidole tu.

JE, INA MADHARA?

Hapa tuseme ukweli bila kumtisha mtu. Akina mama wengi wenye nafasi ndogo hawapati shida yoyote. Katika utafiti ule wa Norway, wenye misuli iliyoachana hawakuwa na maumivu ya kiuno na nyonga kuliko wenzao. Lakini nafasi ikiwa kubwa, mama huweza kujisikia dhaifu katikati ya mwili: kuinuka ni kazi, kubeba mzigo ni kazi, na tumbo hutokeza hasa jioni au baada ya kula. Wengine wana mkojo unaotoka wakikohoa au wakicheka. Mara nyingi huo hutokana na udhaifu wa misuli ya chini ya nyonga, ambayo nayo ilibeba mimba na kupitisha mtoto. Mambo hayo mawili huweza kumpata mama mmoja kwa wakati mmoja, na yote mawili yanatibika kwa mazoezi.

Mahali pengine ukanda hudhoofika kabisa kwenye kitovu na utumbo ukapata upenyo wa kutokeza. Hiyo ni ngiri ya kitovu. Ngiri inayorudi ndani ukilala inafaa ionwe na daktari, ingawa si dharura. Ngiri iliyokuwa ngumu, inayouma, isiyorudi ndani, na hasa ikiambatana na kutapika au kushindwa kutoa choo na hewa, ni dharura. Mama huyo afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

SI KILA TUMBO KUBWA NI MISULI

Tafadhali wasomaji, msichukue makala hii kuwa sababu ya kutokwenda kupimwa. Tumbo kubwa baada ya uzazi laweza kuwa na sababu nyingine: mimba mpya, uvimbe katika mji wa mimba, wengu lililokua kwa malaria ya mara kwa mara, au maji tumboni. Tuta la misuli hutokeza mama anapoinuka na hupotea akilala ametulia. Uvimbe unaobaki palepale hata akilala ni jambo jingine na unahitaji daktari.

Katika wiki sita za kwanza, homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya, au damu nyingi ni dalili za hatari kwa uhai wa mama. Asikandwe, asifungwe, asingoje asubuhi. Apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya mara moja.

MKAJA NA MAJI YA MOTO

Je, mkaja ni mbaya? La. Kitambaa kilichofungwa kwa kiasi hulishika tumbo lililolegea, humpa mama nafuu anapotembea, na humkumbusha kukaa wima. Akina mama wengi hujisikia vizuri nacho, hasa katika wiki za mwanzo. Hata huko Ulaya akina mama huuziwa mikanda maalumu ya kazi ileile.

Tatizo ni pale mkaja unapoachiwa kazi yote. Kitambaa hushika, hakijengi misuli. Mkono uliofungwa bendeji kwa wiki nyingi hutoka mwembamba na dhaifu, na tumbo ni vivyo hivyo. Tatizo la pili ni kukaza kupita kiasi. Tumbo likibanwa sana katikati, msukumo unakwenda chini, juu ya misuli ya nyonga iliyochoka. Hapo mkojo huanza kutoka, na kizazi chaweza kushuka. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: ukifunga mkaja, mkono wako upite kati ya kitambaa na tumbo, upumue vizuri, na ule bila shida. Usiku ufungue. Aliyefanyiwa upasuaji asifunge juu ya kidonda bila ushauri wa mwuguzi.

Kuhusu kukandwa kwa maji ya moto, wasaidizi wengi huwakanda wazazi tumboni kwa nguvu, wakisema wanatoa damu chafu. Mji wa mimba hujikaza wenyewe, na mtoto anaponyonya husaidia kuukaza. Damu itatoka yenyewe, haihitaji kusukumwa. Maji ya moto mno huunguza ngozi, na kusukuma kwa nguvu hakuwezi kurudisha misuli pamoja. Mama akipenda kukandwa mgongo na miguu kwa maji ya uvuguvugu ili apumzike, hapana ubaya. Tumbo lenye kidonda cha upasuaji lisikandwe kabisa.

MAZOEZI YA KUFANYA NYUMBANI

Mazoezi haya hayahitaji vyombo. Mkeka unatosha.

La kwanza, pumzi. Lala chali, kunja magoti, weka mkono chini ya kitovu. Vuta pumzi taratibu. Kisha itoe polepole kama unayepuliza jiko la mkaa bila kurusha majivu, huku ukivuta tumbo la chini liingie ndani kuelekea mgongoni. Shikilia ukihesabu hadi tano, huku ukiendelea kupumua, halafu legeza. Rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Zoezi hili huuamsha msuli wa ndani kabisa, ule unaozunguka kiuno kama mshipi. Huo ndio mkaja ulioumbwa nao. Mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida anaweza kulianza taratibu katika siku za mwanzo.

La pili, kubana nyonga. Bana misuli ile ambayo ungeibana kuzuia mkojo na hewa. Shikilia ukihesabu hadi tano, legeza kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Unaweza kulifanya ukiwa umekaa unanyonyesha na hakuna atakayejua. Usilifanye wakati wa kukojoa.

La tatu, baada ya wiki sita, kutelezesha kisigino. Ukiwa umelala vile vile, toa pumzi, vuta tumbo ndani, kisha telezesha kisigino kimoja mpaka mguu unyooke, na ukirudishe. Badilisha mguu. Mara kumi kila upande.

La nne, kuinua nyonga. Magoti yakiwa yamekunjwa, toa pumzi na uinue makalio kutoka mkekani, shikilia kidogo, shusha taratibu. Mara kumi.

Akina mama wengi wameambiwa wasijaribu kamwe mazoezi ya kuinua kichwa na mabega wakiwa chali, eti yatazidisha nafasi. Utafiti mwingine wa Norway, wa mwaka 2023, uliwapa akina mama wenye misuli iliyoachana mazoezi hayo kwa wiki 12. Nafasi haikuongezeka na misuli ilipata nguvu. Kwa hiyo ukishayazoea manne ya kwanza, unaweza kuongeza hilo kidogo kidogo. Lakini ukiona tuta linatokeza sana au unasikia maumivu, punguza.

Tusiwadanganye: mazoezi hayafungi nafasi kwa kila mama. Wengine nafasi hubaki, lakini tumbo hupata nguvu na shida hupungua. Yape mazoezi miezi mitatu kabla ya kukata tamaa. Ikiwa bado kuna shida kubwa, omba rufaa ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali kubwa kama Muhimbili zina idara hiyo. Upasuaji upo, lakini ni kwa wachache, na kwa kawaida husubiri mpaka mama amemaliza kuzaa.

KUINUKA NA KUBEBA

Unapoinuka kitandani usijitupe mbele moja kwa moja. Geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mikono. Kula mboga za majani, matunda na kunywa maji ya kutosha ili usifunge choo, maana kujikamua chooni kila siku husukuma tumbo na nyonga.

Sasa mizigo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 20, bado ndoo yenyewe. Katika utafiti ule wa mwaka 2016, akina mama walioinua vitu vizito mara 20 au zaidi kwa wiki ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na misuli iliyoachana mwaka mmoja baada ya kujifungua. Hebu mama wa Pwani ahesabu: ndoo nne kwa siku ni mara 28 kwa wiki, kabla hajagusa kuni, mfuko wa mwani wala mtoto mwenyewe.

Ikibidi kubeba, jaza nusu ndoo uende mara mbili. Chuchumaa badala ya kuinama, toa pumzi huku ukivuta tumbo ndani wakati wa kuinua, na usiibane pumzi. Omba mtu akutwishe na akutue.

NENO KWA FAMILIA

Kwa akina baba: mke wako hahitaji kuulizwa kwa nini tumbo halirudi. Anahitaji wiki kadhaa ambazo maji na kuni vitafika nyumbani bila yeye. Baiskeli iliyo uani inabeba madumu mawili kwa safari moja. Anahitaji pia muda kabla ya mimba nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya kupata mimba inayofuata. Zungumzeni wote wawili, na mwulizeni mwalimu wa mpango wa uzazi wa asili parokiani mkihitaji msaada.

Kwa akina mama wakwe: ninyi ndio mnaowakanda wazazi na kuwafunga mkaja, na maneno yenu yana uzito kuliko ya daktari. Mkimwambia mkwe wenu kuwa tumbo lake si kosa lake, mtakuwa mmemtibu nusu.

Kwa akina mama: msikose mahudhurio ya kliniki baada ya kujifungua, ndani ya saa 48 za kwanza, katika wiki ya kwanza, na hadi siku ya 42. Wengi huenda kwa ajili ya chanjo ya mtoto tu, wakatoka bila kujisemea wao wenyewe. Mwambieni mwuguzi: "Na mimi naomba uniangalie tumbo." Si jambo la haya.

Mama wetu wa Mlingotini akipata wa kumtwisha na kumtua, akafanya zoezi la pumzi asubuhi na jioni, na akamweleza mwuguzi habari ya mkojo, kuna matumaini makubwa kuwa mwakani atakuwa na nguvu kuliko leo. Na mume wake, aliyetoa mkaja siku ya posa kumshukuru mama mkwe, sasa amepata nafasi ya kumshukuru mama wa watoto wake mwenyewe. Aanze na ndoo ya jioni hii.